Somo: Kusafisha kitanda cha wodi mgonjwa akishaondoka

Hapa Kisumu hewa ya ziwa huacha unyevu wodini, hasa msimu wa mvua ndefu. Wenzetu wa Nakuru wana ukavu na vumbi. Kote nasikia neno lilelile: kitanda kikikauka, kiko tayari. Hapana! Bakteria kama stafilokoka na asinetobakta huweza kuishi miezi kadhaa mahali pakavu kabisa. Bakteria mwingine, sudomonasi, ndiye hupenda majimaji: sinki, bomba, mopu iliyosahauliwa ndani ya ndoo.

Hatua ya kwanza, kagua kitanda. Chuma na plastiki havinyonyi maji, kwa hiyo dawa hugusa kila mahali, ila vyenyewe haviui kitu. Shaba huua bakteria wengi kwa saa chache, lakini vitanda vya shaba tunavyo wangapi? Ninaloliogopa ni godoro lililopasuka. Damu na mkojo huingia kwenye sponji, na hakuna kitambaa kitakachofika huko. Liondolewe, lisishonwe.

Pili, sabuni na maji, kutoka juu kwenda chini. Uchafu ukibaki, klorini huishiwa nguvu.

Tatu, klorini ya asilimia 0.5. Ukiwa na ya asilimia 3.5, pima kikombe 1 kwa vikombe 6 vya maji. Changanya mpya kila siku, na usiichanganye na dawa ya choo yenye asidi, maana hutoa gesi ya sumu. Kitanda kibaki kimelowa dakika 10. Wa Nakuru, angalieni hapa: upepo wa dirishani hukikausha kabla ya muda, basi lowesha tena. Kisha suuza chuma kisiliwe na kutu.

Mwisho, fua mopu na uianike juani.

MASWALI

Sista, huku Kakamega tunapangusa kwa spiriti tu. Haitoshi?
Dada, kwa kifaa kidogo kisicho na uchafu, spiriti ya asilimia 70 yafaa. Lakini haiui mbegu (umbo gumu la kujihifadhi) za klostridia, bakteria anayeleta kuhara baada ya antibiotiki. Mgonjwa wa namna hiyo akitoka, tumia klorini.

Sista, kuna muuzaji anatuletea rangi yenye madini ya fedha, anasema inaua vijidudu yenyewe. Tununue?
Muulize kwanza ilipimwa kwenye unyevu gani, ndugu. Kipimo kinachotumika sana hufanywa kwenye nyuzi 35 na unyevu unaozidi asilimia 90. Hewa ikiwa kavu kuliko hapo, nguvu ya fedha hushuka sana, na wodi ya Nakuru mchana haikaribii kiwango hicho. Pesa hizo nunueni magodoro.