Kabla mafuta hayajafika ufukweni: halmashauri ya pwani na pesa za kurejesha ubora wa maji

Mtambo wa kuchimba mafuta wa Deepwater Horizon ulilipuka katika Ghuba ya Mexico tarehe 20 Aprili 2010. Wafanyakazi 11 walikufa, na kisima kikatapika mafuta baharini kwa siku 87. Sheria ya Marekani ya kuelekeza faini za ajali hiyo kwenye majimbo na kaunti za pwani, ile inayojulikana kwa jina la RESTORE, ilitiwa saini Julai 2012. Makubaliano makubwa na BP, kampuni ya mafuta iliyokuwa ikiendesha kisima hicho, yaliidhinishwa na mahakama Aprili 2016, na malipo yake yakapangwa kwa awamu hadi mwanzoni mwa miaka ya 2030. Mtoto aliyezaliwa wiki ya mlipuko atakuwa mtu mzima ndipo awamu ya mwisho ilipwe.

Halmashauri yoyote yenye ufukwe ingefaa kuzitazama tarehe hizo kwa makini. Siku mafuta yanapofika, macho yote huwa kwa wenye mabuti na mabeleshi, na ni haki yao. Lakini pesa za kurejesha maji hupatikana au kupotea mikononi mwa watu ambao siku hiyo hakuna anayewatafuta: mpima maji, mhasibu na mwanasheria. Na sehemu kubwa ya kazi yao huwa inatakiwa iwe imeshafanyika wakati bahari bado safi.

Kwanza muelewane ndani ya halmashauri kwamba kusafisha na kurejesha ni mambo mawili yenye mifuko miwili. Kusafisha ni kuzuia mafuta kwa vizuizi vinavyoelea, kuyakusanya, kuzoa mchanga uliochafuka. Hilo huanza saa ile ile na hugharamiwa kwa taratibu za dharura. Kurejesha ni kuyarudisha maji, matope ya chini, mikoko na viumbe kwenye hali ambayo vingekuwa nayo leo kama ajali isingetokea. Maneno hayo, "kama ajali isingetokea", ndiyo yanayoamua kila kitu, kwa sababu mlipaji ana haki ya kuuliza: hali hiyo ilikuwaje? Mkikosa jibu lenye tarehe na namba, atakujibuni yeye.

Na atakujibuni hivi: maji yenu yalikuwa machafu tangu zamani. Atataja boti za uvuvi zinazomwaga oili, mitaro ya mvua inayoteremsha masizi na mafuta ya magari kutoka barabarani, maji taka yasiyotibiwa. Penye mafuta yanayochuruzika yenyewe kutoka chini ya bahari, kama ilivyo katika Ghuba ya Mexico, atayataja pia. Mengine yatakuwa kweli. Ndiyo sababu vipimo vya msingi haviwezi kusubiri ajali. Chagueni vituo vichache mnavyoweza kuvimudu mwaka baada ya mwaka: mdomo wa mto, mahali mtaro mkubwa unapoingia baharini, ufukwe wa waogeleaji, kingo za mikoko, eneo la chaza au la mazalia ya samaki, na kituo kimoja mbali na shughuli za watu ambacho mtakilinganisha na vingine. Pimeni katika msimu wa mvua na wa kiangazi, maana maji ya mdomo wa mto hayafanani katika nyakati hizo mbili. Vituo vitano vilivyopimwa bila kukosa kwa miaka sita vina nguvu kuliko vituo arobaini vilivyopimwa mara moja na mshauri aliyekodiwa.

Msipime mafuta peke yake. Hidrokaboni, yaani kemikali zinazounda mafuta, ni lazima, hasa zile za aromatiki zenye pete nyingi, ambazo ndizo zenye sumu inayokaa. Lakini pimeni pia oksijeni iliyoyeyuka, chumvi, joto, uangavu wa maji, nitrojeni, fosforasi na bakteria wa kinyesi, kwa sababu nitakayoieleza nikifika kwenye miradi. Na chukueni matope ya chini pamoja na maji. Maji huweza kuonekana safi baada ya wiki au miezi, huku mafuta yamejificha chini. Meli ya Exxon Valdez ilipasuka Alaska tarehe 24 Machi 1989, na zaidi ya miaka 20 baadaye watafiti bado walikuwa wakichimba changarawe za fukwe za Prince William Sound na kukuta mafuta. Halmashauri iliyopima maji tu ingekuwa imetangaza ushindi zamani.

Hapa naomba nikae kidogo kwenye chupa, kwa sababu madai mengi huharibikia hapo. Sampuli ya mafuta haichukuliwi kwa chupa ya plastiki ya maji ya kunywa. Plastiki hufyonza sehemu ya hidrokaboni na huweza kuachia kemikali zake ndani ya maji. Inatakiwa chupa ya kioo cha rangi ya kahawia, ili mwanga usiyavunje mafuta kabla hayajafika maabara, iliyosafishwa kwa kiyeyusho na yenye kifuniko kilichowekwa utando wa tefloni. Mashine ya boti izimwe, na mchukuaji asimame upande upepo unakotokea, moshi usimfikie. Mikono ivae glavu safi, isiwe na losheni ya jua. Ukitaka maji ya chini ya utando wa mafuta, chupa ishuke ikiwa imefungwa, ifunguliwe humo humo chini, ifungwe tena kabla ya kupandishwa, la sivyo itachota utando wenyewe na namba zitadanganya. Iende barafuni, kwenye nyuzi kama 4 za Selsiasi. Kila safari iwe na chupa moja ya maji safi ya maabara iliyofunguliwa kwenye boti na kufungwa tena, ili baadaye muweze kuonyesha kwamba uchafu haukutoka kwenu wenyewe.

Halafu karatasi. Kila aliyeishika chupa aandike jina, saa na sahihi, kuanzia kwenye boti hadi kwenye friji ya maabara. Pengo la saa tatu lisilo na sahihi ya mtu linatosha kumpa wakili wa upande wa pili kazi nzuri. Maabara nayo itafutwe mapema, iwe na ithibati, na mkataba uwe umeshasainiwa, kwa sababu siku ya ajali kila mtu ataigombania. Muulize pia kama inaweza kutambua chanzo cha mafuta. Yapo molekuli, kama zile za kundi la hopani, ambazo huhimili jua na mawimbi kwa muda mrefu, na uwiano wake hutofautisha mafuta ya meli moja na ya nyingine. Kipimo hicho ndicho kinachofunga mdomo hoja ya "boti zenu".

Sasa mlipaji ni nani? Jibu linategemea mafuta yametoka wapi, na halmashauri inayosubiri ajali ndipo isome mikataba inajichelewesha bure. Yakitoka kwenye meli ya kubeba mafuta, na nchi ikiwa mwanachama wa mikataba ya kimataifa ya 1992 kuhusu fidia ya uchafuzi wa mafuta, mwenye meli hulipa hadi kikomo chake, na juu yake kuna mfuko wa kimataifa. Jumla ya vyote viwili hufikia vizio milioni 203 vya SDR, yaani hesabu ya fedha ya IMF. Baadhi ya nchi zimejiunga na mfuko wa nyongeza unaopandisha jumla hadi milioni 750. Yakiwa ni mafuta ya kuendeshea meli ya kawaida, mkataba unaohusika ni wa 2001. Huo unalazimisha bima kwa meli za zaidi ya tani 1,000 za ujazo, lakini hauna mfuko wa pili nyuma yake. Meli ya Wakashio iliyokwama kwenye miamba ya Mauritius tarehe 25 Julai 2020 na kuvujisha takriban tani 1,000 ilikuwa ya kubeba shehena ya kawaida, kwa hiyo ule mfuko mkubwa haukuhusika. Na yakitoka kisimani au kwenye bomba, hakuna mkataba wa dunia nzima. Mtategemea sheria ya nchi na leseni aliyopewa mwekezaji, na leseni hiyo inafaa kusomwa kabla haijasainiwa.

Muda wa kudai ni mfupi kuliko watu wanavyodhani. Chini ya mikataba hiyo ni miaka 3 tangu hasara ilipotokea, na kwa vyovyote si zaidi ya 6 tangu ajali yenyewe. Barua za heshima na vikao vya maelewano na kampuni ya bima havisimamishi saa. Mwanasheria wa halmashauri aziandike tarehe hizo ukutani.

Mfuko wa kimataifa pia una msimamo ambao umewaumiza wengi: hauilipi hesabu ya nadharia. Huwezi kuuambia kwamba hekta moja ya mikoko ina thamani ya kiasi fulani kwa mujibu wa mfumo wa kompyuta, ukadai pesa hizo. Unalipa gharama za hatua za busara za urejeshaji zilizofanyika au zitakazofanyika kweli. Kwa hiyo mradi wenye ramani, makisio na mtekelezaji hufika mbali kuliko ripoti nene ya hasara.

Kuna swali la nani anaruhusiwa kuketi mezani. Chini ya sheria ya Marekani ya uchafuzi wa mafuta ya 1990, wanaodai fidia ya maliasili kwa niaba ya umma ni wadhamini maalumu wa serikali kuu, majimbo na makabila ya wenyeji, na kwa upande wa jimbo gavana ndiye anayewateua. Kaunti haijiteui yenyewe, hata kama ufukwe wote uliochafuka ni wake. Kila nchi ina namna yake, lakini swali ni lile lile: je, halmashauri inadai kwa jina lake, au inapitia kwa mkubwa? Kama inapitia, makubaliano ya maandishi yawepo mapema kuhusu fungu litakalorudi chini na akaunti maalumu litakamoingia. Pesa ya ajali ikiingia mfuko mkuu hugeuka mishahara.

Mgawanyo wa Ghuba ya Mexico unaonyesha faida ya kuandika mambo hayo kwenye sheria. Asilimia 80 ya faini za ajali ile chini ya Sheria ya Maji Safi ya Marekani ziliwekwa kwenye mfuko maalumu. Katika hizo, asilimia 35 hugawanywa sawa kwa majimbo matano, na huko Florida fungu hilo huenda moja kwa moja kwa kaunti 23 za upande wa Ghuba, robo tatu yake ikichukuliwa na kaunti 8 zilizoumia zaidi. Ili kuzipata, mpango wa miaka kadhaa hutakiwa kuwekwa wazi kwa wananchi kwa angalau siku 45. Kaunti zilikuwa na fungu lao, na zilijua masharti yake.

Lakini angalieni upande mwingine. Katika fidia ya maliasili ya hadi dola bilioni 8.8 iliyokubaliwa na BP, lengo la kurejesha ubora wa maji lilitengewa dola milioni 410, chini ya asilimia 5. Nadhani sababu moja ni kwamba maji hayapigwi picha. Ndege aliyelowa lami anaonekana, ufukwe mweusi unaonekana, nitrojeni haionekani. Maji yanahitaji msemaji aliyekuja na vipimo.

Na hapa ndipo miradi inapoingia. Hakuna anayeweza kuichuja bahari. Mafuta yaliyokwisha kutawanyika hayarudishwi chupani, kwa hiyo urejeshaji wa maji kwa kawaida hufidia kwa kuondoa mzigo mwingine: kuunganisha nyumba zenye makaro yanayovuja kwenye mfumo wa maji taka, kujenga mabwawa ya kutuliza maji ya mvua kabla hayajaingia baharini, kurudisha mkondo wa asili wa kijito, kupanda mikoko inayochuja tope. Mtu anaweza kushangaa pesa za mafuta kulaza mabomba ya maji taka, lakini kwa kaa na chaza hilo ni nafuu ya kweli. Ndiyo sababu nilisema mpime nitrojeni na bakteria tangu mwanzo: bila namba za kabla, hamtaweza kuonyesha kwamba mradi umeleta tofauti, na awamu ya pili ya pesa itakuwa ngumu. Muwe na miradi michache iliyokwisha kusanifiwa, yenye ardhi isiyo na mgogoro na tathmini ya mazingira iliyokamilika. Na jiulizeni nani atalipa umeme wa pampu mwaka wa nane, kwa sababu ruzuku nyingi hujenga lakini haziendeshi.

Mhasibu ana kazi yake kabla ya siku hiyo. Afungue namba ya hesabu ya dharura itakayopokea kila saa ya mfanyakazi, kila lita ya dizeli na kila glavu, pamoja na risiti na maelezo ya nani alifanya nini, wapi, kwa sababu ya ajali ipi. Mshahara wa kawaida utenganishwe na saa za ziada. Atafute pia pesa za kutangulia, maana nyingi ya fedha hizi hurudishwa baada ya kutumika. Meli ya Prestige ilipozama mbele ya pwani ya Hispania Novemba 2002, hasara ilikadiriwa kuwa kubwa kiasi kwamba mfuko wa kimataifa ulianza kwa kulipa asilimia 15 tu ya kila dai lililokubaliwa. Halmashauri isiyo na akiba wala makubaliano ya mkopo itasimamisha kazi katikati.

Wavuvi wahusishwe tangu vipimo vya kwanza. Wao hujua maji hukatika wapi na mafuta yatasukumwa wapi upepo ukigeuka, na daftari la mauzo ya kila siku kwenye mwalo, likiwa na aina ya samaki, kilo na mahali walipovuliwa, ni ushahidi ambao hakuna maabara inayoweza kuutengeneza baadaye. Nunueni madaftari, lipeni mtu wa kuyaandika, na nakala ziwekwe jengo tofauti na zile za kwanza.