Namna ya Kuomba kwa Zaburi ya 13 Moyo Ukiwa Umejaa

Katika jumuiya yetu iko sala ambayo kila mtu anaijua hata akiwa na usingizi: asante kwa pumzi, asante kwa siku mpya, wako waliotamani kuiona hawakuiona, kisha maombi ya haraka haraka, Amina. Sina ugomvi na shukrani. Ila nimekuwa mzee wa kanisa huku Moshi muda wa kutosha kujua kwamba mtu anaweza kusali hivyo kila alfajiri huku ana jambo linamla ndani kwa ndani, na jambo lenyewe hajawahi kumtajia Mungu hata mara moja. Mtu wa namna hiyo mimi humpa Zaburi ya 13. Ni aya sita tu.

Isome kwa sauti, mlango umefungwa, simu iko mbali. Mara ya kwanza pita moja kwa moja uone inavyokwenda: Daudi analalamika aya mbili, anaomba aya mbili, anamalizia kwa tumaini aya mbili. Usikiruke kichwa chake, kile kinachosema ni ya mwimbishaji. Maana yake malalamiko haya yalikabidhiwa kwa kiongozi wa uimbaji ili yaimbwe ibadani. Kwa hiyo akija mtu kukuambia kwamba aliyeokoka hamlalamikii Mungu, mfungulie hapo asome mwenyewe.

Kisha rudi mwanzo. "Hata lini" imo mara nne katika aya mbili za kwanza, na hapa ndipo wengi wanakimbia. Wewe kaa. Chukua daftari uandike "hata lini" yako. Zikifika nne sawa, ikitoka moja sawa. Sharti langu ni kwamba jambo litajwe kwa jina lake. "Hata lini nitateseka" haitoshi. Unateseka na nini? Ada? Majibu ya vipimo unayoogopa kwenda kuyachukua? Marejesho ya kikoba? Siku moja tulifanya hivi kwenye jumuiya, na mama mmoja ambaye huwa hasemi kitu akasoma ya kwake: "Hata lini nitawadanganya watoto kwamba baba yao anakuja Krismasi?" Mwenzetu mmoja akataka kuanzisha pambio papo hapo. Nikamwonyesha mkono asubiri. Pambio zuri, wakati wake bado. Tukakaa kimya kidogo, kisha yule mama akaisoma tena, safari hii macho yake hayako kwetu.

Usiisafishe hiyo sentensi. Mungu hahitaji umtafutie lugha ya mimbarani.

Aya ya tatu na ya nne ni maombi, nayo ni mafupi: "uangalie, uniitikie, uyatie nuru macho yangu." Daudi hampangii Mungu hatua za kufuata. Nawe fanya hivyo, ila omba kitu utakachokitambua kikija. Badala ya "bariki familia yangu", sema "nipe ujasiri wa kuongea na mume wangu Jumapili hii."

Hapo hapo kuna neno "adui", na kwa kwetu huku ni lazima nilisemee. Ukimwambia mtu mwenye shida aombe juu ya adui yake, dakika hiyo hiyo ameshampata: shangazi, mke mwenza, jirani aliyeangalia ng'ombe vibaya. Nimeona watu wakipeana Zaburi ya 109, ile yenye laana juu ya adui, kama dawa ya kumpiga nayo fulani. Mimi siigawi hivyo. Katika Zaburi ya 13 adui hatajwi jina, na Daudi hajipi kazi ya kumshughulikia, anamwachia Bwana. Kama kweli yuko mtu aliyekuumiza, mpeleke kwa Mungu pamoja na alichokufanyia, kisha umwache huko. Kama hayupo, usimtafute. Malaria si shangazi yako.

Aya ya tano inageuka ghafla: "Nami nimezitumainia fadhili zako." Tazama vizuri uone kilichobadilika kati ya aya ya nne na ya tano. Hakuna. Hatuambiwi adui ameondoka wala mgonjwa amepona. Daudi bado yuko pale pale, ila amegeuza uso. Kwa hiyo usingoje kusikia raha moyoni ndipo uisome aya hii. Anachokishika Daudi ni fadhili za Bwana. Hali ya moyo wake siku ile haihusiki. Sisi tunaoomba baada ya Pasaka tuna mahali pa kushika zaidi yake, maana tumeziona fadhili hizo msalabani na kwenye kaburi lililo wazi. Na Yesu mwenyewe aliomba kwa maneno ya zaburi akiwa msalabani: "Mungu wangu, mbona umeniacha" ni ya Zaburi ya 22, na "mikononi mwako naiweka roho yangu" ni ya Zaburi ya 31. Ukilia "hata lini", unalia pamoja naye.

Aya ya sita ni wimbo. Uimbe, hata kwa sauti ya chini. Sasa pambio linaruhusiwa.

Zipo siku aya ya tano haitoki kabisa mdomoni. Usiilazimishe. Siku hiyo soma Zaburi ya 88, ambayo inaanza gizani na kuishia gizani, nayo imo katika Biblia pamoja na zile za shangwe. Lakini hiyo usiisome peke yako siku nyingi mfululizo. Mwite mwenzako unayemwamini, au mchungaji, mwisome wawili.

Ukienda kumwona mgonjwa wodini, njia ni ile ile, ila punguza maneno. Msalimie, keti, muulize kama angependa kusomewa. Soma aya ya kwanza na ya pili, halafu nyamaza. Akisema kitu, hicho ndicho cha kuombea. Asiposema, endelea na mbili zinazofuata. Mahubiri acha nyumbani, hasa yale ya "ukiwa na imani utapona". Mwache apumzike kabla wauguzi hawajaja kuwatoa.

Baki na Zaburi ya 13 wiki nzima, kisha hamia ya 42, ya 77 na ya 130, kila moja wiki yake. Andika tarehe kando ya kila "hata lini". Na daftari lenyewe liweke mahali ambapo watoto hawatalichukua kufanyia hesabu.