"Arbitrate" si kusuluhisha: soma kabla hujasaini

Shemeji yangu alipata kazi kwenye ghala moja huko Ohio. Akanipigia usiku, mkataba uko kwenye simu, kidole kinasubiri kubonyeza. "Wameandika tukikosana tutasuluhishwa. Si jambo jema hilo?" Nikamwambia anisomee neno lenyewe. Lilikuwa "arbitrate".

Simlaumu. Kiswahili chetu chenyewe kinayumba hapo. Kule Tanzania, Tume ya Usuluhishi na Uamuzi huita "mediation" usuluhishi na "arbitration" uamuzi. Ukija kwenye sheria ya mwaka 2020 inayohusu "arbitration" hiyo hiyo, inaitwa Sheria ya Usuluhishi! Na sisi tukisikia usuluhishi tunamwona mzee kibarazani, anasikiliza huku na huku, kila mmoja analegeza kidogo, mnapeana mikono. Hiyo ni "mediate". Usiporidhika, unanyanyuka na kwenda zako mahakamani.

Kwenye "arbitrate" anayeketi ni mwamuzi, naye akishasema mmeshasikia. Kitenzi hiki kina mtego mmoja: mwamuzi "arbitrates", lakini hata wanaoamuliwa huambiwa "you agree to arbitrate". Hapo huamui chochote, umekubali kuamuliwa. Likiongezwa neno "binding", yaani uamuzi unaowafunga, basi umeiacha haki ya kumfikisha mwajiri mbele ya jaji. Sheria ya Marekani ya 1925 huruhusu mahakama kuutengua uamuzi kwa sababu chache tu, kama rushwa au upendeleo wa wazi.

Kwa hiyo tafuta maneno "opt out". Baadhi ya mikataba hukupa muda, mara nyingi siku 30, wa kujitoa kwa maandishi. Tuma barua pepe, tunza nakala. Shemeji alikuta siku zake ukurasa wa mwisho kabisa, kwa herufi za kusomea miwani.

Na hata ukishasaini, hujafungwa mdomo. Ukibaguliwa kazini bado unaweza kulalamika EEOC, tume ya serikali kuu inayoshughulikia ubaguzi kazini. Kwa kesi ya unyanyasaji wa kingono, sheria ya 2022 inakuruhusu kukataa mwamuzi wa mkataba na kwenda mahakamani. Ndugu zetu wa malori nao wana lao: sheria ile ya 1925 haiwagusi wanaosafirisha mizigo kati ya majimbo, na mwaka 2019, kwenye kesi ya New Prime dhidi ya Oliveira, Mahakama ya Juu ilisema hata dereva aliyeandikwa kama mkandarasi huru haguswi na sheria hiyo.

Mlioko Uingereza mtakutana zaidi na "adjudicate", hasa mwenye nyumba akizuia amana yenu. Hapo mwamuzi hawaiti; anasoma karatasi na kutazama picha. Siku ya kukabidhiwa funguo, piga picha zulia, jiko, mpaka ndani ya oveni.