Unataka uofisa wa jeshi Marekani? Cheki kwanza kozi unayosoma chuo

Swali hili vijana wetu walioko Marekani wanauliza kila siku, eti ili uwe ofisa lazima usome uinjinia? Hapana, ila inategemea unataka jeshi gani.

Kabla hujahangaika na kozi, hakikisha wewe ni raia. Grinikadi inakuingiza kama askari wa kawaida lakini uofisa hupati.

Army, jeshi la nchi kavu, hawana makuu. Kwenye ROTC yao, yaani mafunzo ya uofisa unayofanya ukiwa bado chuoni, unaweza kusoma historia, biashara, hata muziki, we maliza digrii tu. Ila GPA, wastani wa alama zako, inahesabiwa wakati wa kuwapanga makadeti, sasa ukijilazimisha fizikia ukaambulia C tupu na mwenzako wa sosholojia anakusanya A, umejikomoa mwenyewe.

Navy, jeshi la majini, ndo kwenye kazi. Kozi wamezipanga madaraja matatu kwenye skolashipu za ROTC, la kwanza uinjinia, la pili hesabu na sayansi, la tatu hayo mengine yote, na nafasi nyingi zinaenda kwa hayo mawili ya juu. Na usidhani ukisoma lugha umekwepa hesabu, kalkulasi na fizikia yake utazipiga tu kama umechukua skolashipu yao. Ukitaka mitambo ya nyuklia kwenye nyambizi ndo kabisaa, bila hizo mbili hata intavyuu hufiki. Halafu usije ukahama kozi kimyakimya katikati ya safari, omba ruhusa kwanza, maana kushuka daraja kunaweza kukutoa kwenye skolashipu. Marines, wale askari wa miguu wa majini, wanapitia hiyohiyo ROTC ya Navy lakini wao kozi haiwasumbui.

Air Force, jeshi la anga, nao skolashipu zao wanapendelea watu wa kozi za kiufundi, ila urubani kozi yoyote inakubalika mradi mtihani wao wa AFOQT uupasue vizuri. Madaktari, wanasheria na wachungaji wana njia yao, wanaingia na taaluma zao moja kwa moja.

Ushamaliza digrii? Hurudi darasani, unaomba OCS, shule ya jeshi ya kufundisha maofisa. Navy wanafanyia Newport, Marines Quantico, Army Fort Benning.

Ukienda kuulizia, beba transkripti yako na uombe kabisa kuonana na rikruta (anayeandikisha watu jeshini) wa maofisa, sababu yule wa kawaida kazi yake ni kutafuta askari, ukizubaa unatoka hapo umeshasaini uaskari na digrii yako mkononi.