Kutoa fosforasi kwenye kinyesi cha ng'ombe kwa maji ya moto yenye presha

Ng'ombe wa ndani kwenye vihamba (mashamba ya nyumbani) vya Kibosho, Kilimanjaro, hula majani ya migomba na pumba, na fosforasi nyingi ya chakula hicho hutoka na kinyesi. Udongo wetu wa volkano nao huing'ang'ania fosforasi, mmea ukabaki na njaa. Hapa Moshi naitoa ikiwa struvaiti, unga mweupe wa fosforasi, magnesiamu na amonia unaoyeyuka polepole shambani.

Hii ni kazi ya maabara. Tumia mtungi wa chuma cha pua uliotengenezewa presha, wenye valvu ya usalama. Sufuria ya presha ya jikoni au mtungi wa gesi usithubutu. Maji yakifika nyuzi 200 za Selsiasi, presha hufika takriban mara 15 ya hewa ya kawaida.

Hatua ya 1. Chota kinyesi kibichi, toa mawe na mchanga, koroga na maji kiwe kama uji mwepesi. Mtungi wa lita 1 utie mililita 600, basi. Kwenye joto hilo maji hutanuka kwa zaidi ya asilimia 15, na yakikosa nafasi mtungi unaweza kupasuka.

Hatua ya 2. Pasha hadi nyuzi 200, shikilia saa 2, zima. Acha upoe wenyewe kabisa. Niliwahi kuufungua ukiwa bado na uvuguvugu kwa kuharakia kazi nyingine. Tope lilinirukia hadi kiwikoni. Ukishapoa, toa gesi taratibu mahali penye feni ya kuvuta hewa.

Hatua ya 3. Chuja. Utapata maji ya rangi ya chai iliyokolea, yenye harufu ya sukari guru iliyoungua, na makaa meusi laini. Wengi hutupa makaa wakidhani mali iko kwenye maji. Sivyo. Potasiamu na amonia ndizo huenda majini. Fosforasi hushikwa na kalsiamu na magnesiamu, ikabaki kwenye makaa. Maji yatunze, ila usiyamwagie miche, yana fenoli, kemikali zinazoweza kuidhuru.

Hatua ya 4. Kausha makaa, yasage. Kila gramu 1 itie mililita 20 za asidi ya haidrokloriki ya moli 0.5 kwa lita, koroga saa 2, chuja. Vaa glavu na miwani. Asidi ya betri haifai: huungana na kalsiamu ikawa jasi, uchafu juu ya uchafu.

Hatua ya 5. Pima fosforasi iliyotoka kwenye asidi. Kwa kila gramu 1 ya fosforasi, chumvi ya Epsom (magnesiamu salfeti) gramu 8 ndiyo hesabu kamili. Mimi naweka 9.5. Ongeza yale maji ya hatua ya 3 kwa ajili ya amonia, kisha tia myeyusho wa kostiki soda tone kwa tone hadi pH 9. Maji yataanza kuwa na ukungu.

Angalia kwa hadubini. Vijiti vyenye kona kali ni struvaiti. Ukiona vumbi lisilo na umbo, kalsiamu imetangulia kuchukua fosforasi. Hiyo bado ni mbolea, lakini mara nyingine ondoa kalsiamu kwa asidi ya oksaliki kabla ya kupandisha pH, na uishike kwa uangalifu kwa kuwa ni sumu.

Chuja unga, uanike kivulini, usiuweke kwenye oveni wala juu ya bati la jua kali. Ukipita nyuzi 50 hivi, struvaiti huanza kuvunjika, na ukiinamia sinia utasikia amonia ikichoma pua.