Jinsi ya Kusoma Jina la Kisayansi la Konokono wa Umbo la Pia

Ukikuta ufukweni gamba jepesi lenye umbo la pia, mdomo mpana na mabaka ya kahawia, usilishike kabla ya kuhakikisha kuwa ni tupu, kwani huenda likawa la Conus geographus, ambaye sumu yake imewahi kuua watu. Neno la kwanza la jina hilo, lenye herufi kubwa, ni jenasi, yaani kundi la spishi zenye ukaribu wa kinasaba. La pili hutambulisha spishi na huanza kwa herufi ndogo, hata likitokana na jina la mtu. “Linnaeus, 1758”, ikiandikwa baada ya jina hilo, ni mtaalamu aliyeielezea spishi kwa mara ya kwanza na mwaka alioielezea. Mabano, kama katika Californiconus californicus (Reeve, 1844), usiyafute kwa kudhani ni pambo: yanaonyesha kuwa spishi hiyo, iliyoitwa awali Conus californicus, imehamishiwa jenasi nyingine.