Kabla ya kuinama, pumua
Nafundisha yoga hapa Kigoma, na wengi wanaokuja kwangu ni kina mama wanaoshinda wameinama kuanika dagaa pale Kibirizi. Wakifika tu wanataka kugusa vidole vya miguu. Nawazuia kwanza.

Lala chali kwenye mkeka, kunja magoti, nyayo zikanyage chini, kiganja kimoja tumboni. Vuta pumzi kwa pua ukihesabu hadi 4, itoe taratibu hadi 6. Rudia mara 10. Pumzi ya kutoka ikiwa ndefu kuliko ya kuingia, mapigo ya moyo hupungua kasi na mwili hutulia. Ndipo usimame, uiname, magoti yakiwa yamekunjwa kidogo. Ukiyanyoosha kwa nguvu wakati misuli ya nyuma ya mapaja imekaza, mzigo unahamia kiunoni, na kiuno chenyewe kimechoka tangu alfajiri!

Mimi nami hufanya hivi kabla ya kila darasa. Siku nikiruka, nawaharakisha watu, na wanaona.

Ukisikia ganzi au maumivu yanayoshuka mguuni, acha zoezi, nenda hospitali.